Habari Zimfikie Ghalia

Redio ya setilaiti niliitia kwenye lori langu kwa hasira. Watu wa Rayners Lane walisema ni ushamba. Wengine wakasema Ghalia sasa amekuwa mwanamume kamili, kwanza lori, halafu mitambo juu ya lori. Waseme. Sikuitia ili nisikilize taarabu kwenye foleni ya magari. Niliitia kwa sababu nilizungukwa na watu wanaonipenda na kunidanganya, na nilitaka humu London niwe na kitu kimoja tu kisichonionea huruma.

Nianze na baba, maana hasira ilianzia huko.

Baba yangu alifariki Wete, Pemba, na kaka yangu Mahir alipigiwa simu kabla maiti haijaoshwa. Mahir ni mkubwa wangu, karani wa baraza la mtaa, mtu wa tai na mkoba. Mume wangu Soud naye akaambiwa saa ile ile. Mke wa Mahir akaambiwa. Mimi sikuambiwa. Walikaa kikao, watu wazima na ndevu zao, wakakubaliana kwamba Ghalia anaendesha lori la tani saba na nusu, na akipewa habari kama hii njiani ataligonga basi, kwa hivyo apewe kidogo kidogo. Desturi hiyo kwetu ipo, siikatai. Mtu aliye mbali huambiwa kwanza kwamba fulani hajisikii vizuri, kisha kwamba amezidiwa, kisha watu humjia nyumbani wakakaa kimya mpaka aelewe mwenyewe. Lakini kidogo kidogo yao hiyo ilichukua wiki tatu.

Na hilo bado si lililonichoma. Jumapili iliyofuata Mahir alisoma hitima nyumbani kwake. Akaniambia ni ya jamaa mmoja wa kazini, Mswahili wa Mombasa, masikini hana ndugu hapa, na kwa kuwa pilau langu ndilo linaloliwa likamalizika, niende nikawasaidie. Nikaenda. Nililipakia sufuria langu kubwa kwenye lori nikaenda. Nikakaanga vitunguu vya hitima ya baba yangu mwenyewe huku nikimtania wifi yangu kwamba anatia chumvi kama mtoto anayecheza kupikapika. Wanawake wakawa wanaingia jikoni mmoja mmoja, wananitazama, wanatoka. Bibi mmoja mzee, Bi Faustine, Mngazija aliyeolewa Unguja zamani, alinishika mikono yote miwili akalia. Mimi nikambembeleza. Nikamwambia Mungu atampa subira huyo mtu wa Mombasa.

Wote walijua. Nyumba nzima ilijaa watu waliokuja kwa ajili ya baba yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nawapakulia.

Siku hizo hizo nilipiga simu Wete kwa kadi, kama kawaida, nikaongea na mama. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema kalala. Sauti yake ilikuwa nzito, nikamwambia anywe maji ya tangawizi.

Walipokuja hatimaye kunieleza, wakiwa kundi, wamevaa nyuso za msiba zilizokwisha kupoa, nilipandwa na mori. Sikumbuki yote niliyoyasema, na ninayoyakumbuka siyajutii. Soud alisema alinihurumia. Mahir akasema mimi mwanamke, moyo wangu mwepesi. Moyo mwepesi, mimi, ninayerudisha lori kinyumenyume kwenye vichochoro vya nyuma ya nyumba za wazee, nimebeba shuka chafu za watu mia za kupeleka kwa dobi, mvua inanyesha, na dereva wa nyuma ananipigia honi. Nikamuuliza yeye aliyelia alipong'olewa jino moyo wake una uzito gani. Akasema haya ni mambo ya busara. Tangu siku hiyo neno busara likawa linanitia kichefuchefu.

Mama peke yake ndiye aliyeniomba radhi. Alinipigia yeye, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana simu ya kutoka Pemba ilikuwa ghali kama mbuzi.

"Walinishika mdomo, mwanangu," alisema. "Walisimama hapa, pembeni ya simu, wananikodolea macho. Mie sikutaka."

Nikamuuliza ikifika zamu yake yeye, nitaambiwa kalala pia? Akasema watu wanaisubiri simu.

Sasa, kwetu redio husoma vifo. Baada ya taarifa ya habari mtangazaji hutaja jina la marehemu, mahali alipofia, saa ya maziko, halafu husema habari ziwafikie fulani na fulani, jina kwa jina, popote walipo. Mtu yuko shambani, yuko sokoni, husimama akasikiliza mpaka mwisho. Tangazo la baba lilisomwa hivyo hivyo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba lilimtaja Mahir wa London, na ami zangu wote, na binamu aliyeko Muskati. Mimi sikutajwa. Walihofia mtu yeyote angeweza kulisikia akanipigia.

Kwa hiyo niliposikia kwamba stesheni ya nyumbani imepata nafasi kwenye setilaiti, na kwamba kuna kiboksi unaweza kukinunua hapa London ukaisikia kama uko Wete, sikuuliza bei mara mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kamande.

Kamande alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, na duka lake lilikuwa chini ya tao la reli karibu na Wembley. Akifunga redio za magari, na kila treni ilipopita juu yake alinyamaza, kisha akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Alilitazama lori langu akakuna kichwa.

"Hii stereo ilitoka na lori kwa factory, mama," aliniambia. "Haina mahali pa kuchomeka kitu ingine. Afadhali nitoe, niweke mpya."

Nilikataa. Redio mpya inayong'aa ndani ya lori hapa London ni kuwaita wezi wakuvunjie kioo. Ile ya kiwandani ilikuwa nyeusi, mbovu ya sura, ina mdomo wa kaseti, hakuna mwizi aliyewahi kuitamani. Nilitaka sauti ya nyumbani itoke humo humo. Kamande akasema inawezekana, ila ni kazi. Na kweli ilikuwa kazi. Lori lina betri mbili, umeme wake ni mara mbili ya ule wa gari dogo, kwa hiyo kwanza alitia kifaa cha kuupunguza, kiboksi kisije kikaungua. Kiboksi chenyewe akakifunga chini ya kiti. Kisha akaichomoa stereo yote kwenye dashibodi, akaunganisha kidude kingine kwenye waya wa aeria, ili sauti ya kiboksi iingie kwenye stereo kama stesheni ya FM, mwanzoni kabisa mwa namba. Juu ya paa akaweka kibao cha kushikia setilaiti, kikubwa kama sahani ya kulia, kwenye chuma ninachoweza kukizungusha kwa mkono. Lori likiwa linatembea kibao hakisikii kitu. Likisimama mahali peupe, ukakigeuza vizuri, kinasikia.

Aliporudisha umeme, stereo ikakataa kusema. Ikaandika CODE kwa herufi nyekundu.

"Hiyo ni kawaida," Kamande akasema. "Ukiikata stima, inasahau mwenyewe ni nani. Inataka namba zake." Bahati nzuri aliyeniuzia lori alinipa kadi yenye namba nne, na tangu siku ile nazijua kwa kichwa. Nikazibonyeza, ikakubali. Kamande akaniambia nikiliona tena neno lile, nijue kuna mtu ameikata umeme, maana stereo ya kiwandani haifanyi hivyo yenyewe tu.

Kisha akaniuliza kibao tukielekeze wapi. Nikamwambia kibla. Akauliza kibla ni wapi, nikamwonyesha kwa mkono, bila wasiwasi wowote. Kila siku tunasali kuelekea kule, na nyumbani nako ni kule kule, unapita Makka unateremka. Hesabu hiyo niliiona nyepesi. Basi tukakaa mchana mzima tunasikiliza mkwaruzo wa hewa tupu. Kamande akabadilisha waya, akabadilisha kidude, akafungua kiboksi. Mimi nikamwambia kiboksi chake ni kibovu, na duka lake, na treni zake. Mwisho akapanda juu kwa hasira zake, akakisukuma kibao kuliani, kusini zaidi, kama mtu anayesukuma mlango wa choo. Sauti ya mwanamume ikajaa ndani ya lori, safi kabisa, inasoma bei ya karafuu.

Nililia. Nilisimama pale chini ya reli, nimeshika mlango wa lori, nalia kwa sababu ya bei ya karafuu, na Kamande wa watu akashika bisibisi hajui atazame wapi.

Tangu hapo nikawa na desturi yangu. Ratiba yangu ya shuka ilinipeleka Stanmore kila asubuhi, na juu ya kilima cha Stanmore pana mahali pa kuegesha ambapo upande wa kusini ni mbingu tupu. Saa nne asubuhi huku, majira ya baridi, kwetu ni saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari. Nilisimama pale, nikapanda ngazi, nikakigeuza kibao, nikashuka na chai yangu ya chupa. Nilisikiliza vifo vyote. Watu nisiowajua wa Mkoani, wa Konde, wa Makunduchi, niliwaombea wote. Nilipofika mwisho wa orodha bila kusikia jina langu mimi, niliwasha lori nikaendelea na kazi.

Mahir alipopata habari za redio alinijia nyumbani na tai yake. Akaniuliza kwa nini nautafuta msiba. Nikamwambia sitafuti msiba, natafuta kuambiwa. Akamtazama Soud, Soud akatazama zulia. Wanaume wale wawili walikuwa na lugha yao ya kutazamana ambayo niliichukia kuliko matusi.

Mama nilimhadithia kwa simu. Alicheka sana. Akauliza sauti inakuja safi? Nikamwambia safi. Akauliza wanasoma na wa Wete au wa Unguja tu? Nikamwambia wote. Akauliza mimi huwa nimekaa wapi ninaposikiliza.

"Ndani ya lori, mama."

"Ndani ya lori," alirudia, kama anayekariri. Kisha akaanza kunieleza habari za paa la jirani.

Mwaka uliofuata mama akaanza kuumwa. Mahir alikuwa ndiye mwenye taarifa, na taarifa yake ilikuwa ni ile ile: hajambo, anakula uji. Nikipiga mwenyewe, shangazi anapokea, anasema hajambo, amelala. Neno hilo amelala lilinikata maini. Nilimwambia Soud nataka kwenda. Akasema subiri kidogo, Mahir anafuatilia, hali si mbaya. Nikala yamini mbele yake kwamba safari hii nikifichwa, nyumba hii haitatutosha sote. Soud si mtu mbaya. Ni mtu mwoga, na mtu mwoga anaweza kukufanyia ubaya huku anakuandalia kifungua kinywa.

Kwa kweli asubuhi ile aliniandalia. Ilikuwa Januari, kumeganda, nje bado giza. Nilimkuta jikoni amekwisha kuvaa, amenikaangia mayai, jambo ambalo hulifanya siku ya Idi tu. Alisema alishuka kutupa taka. Nikala, nikamshukuru. Nikatoka kwenda kulipasha moto lori.

Nikawasha. Taa za dashibodi zikawaka, na kwenye stereo, kwa herufi nyekundu: CODE.

Mwanzoni nilidhani ni baridi. Nikaangalia betri, nzima. Nikakumbuka maneno ya Kamande. Nikaangalia kisanduku cha fyuzi, na kifuniko chake hakikufungwa vizuri, kilikaa upande. Mtu alikifungua akaing'oa fyuzi ya redio, kisha akaogopa, akairudisha, akidhani haachi alama. Hajui kwamba stereo ile ikikatwa umeme hata kwa kupepesa jicho, husahau mwenyewe ni nani na hudai namba. Funguo za lori ziko mbili, wangu na wa akiba ulioko kwenye droo ya chumba chetu.

Mtu haing'oi fyuzi ya redio yangu alfajiri, kwenye baridi ile, bila sababu. Na redio ile nilikuwa na kazi nayo moja tu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mama yangu amekufa. Hakuna aliyeniambia. Nililisoma kwenye dashibodi.

Nikarudi? Sikurudi. Nilimpigia Soud kwa simu ya mkononi nikiwa nimekaa pale pale kwenye usukani, na yeye yuko ghorofani juu yangu, nakiona kivuli chake dirishani. Nikamuuliza kama ameigusa redio yangu. Akauliza redio gani. Nikamwambia ya lori. Akasema hapana, labda baridi.

"Mama yangu hajambo, Soud?"

Kivuli kikaondoka dirishani.

"Hajambo," akasema. "Anaendelea vizuri. Wewe leo... endesha taratibu."

Miaka yote ya ndoa yetu mwanamume yule alikuwa akinicheka kwamba naendesha polepole kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe. Hakuwahi kuniambia niendeshe taratibu. Nikaikata simu. Nikazibonyeza namba nne, moja moja, stereo ikakubali. Nikatia gia.

Niliendesha. Nililia njia nzima, nikatukana njia nzima, nikamwita Mahir majina ambayo hayaandikiki. Nilipita katikati ya mabasi ya watoto wa shule, kwenye barafu, najua mama yangu kafa, na sikuligonga basi hata moja. Nyumba ya wazee ya kwanza nikawashushia shuka zao safi, nikapokea chafu, nikamsalimia mlinzi. Ningeweza kuacha kazi, lakini nilitaka ijulikane kwamba niliweza.

Saa nne nilikuwa juu ya kilima cha Stanmore. Kibao kilikuwa na ukoko wa barafu, nikaukwangua kwa kadi ya simu. Nikakigeuza kusini, nikashuka, nikafunga mlango. Wakasoma habari za serikali, za bei, za mpira. Nikawa nimeshika usukani kama lori linatembea. Kisha mtangazaji akabadilisha sauti, kama wanavyobadilisha.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Bibi Sundus binti Khalfan, kilichotokea alfajiri ya leo, huko Wete, Pemba. Maziko yatafanyika leo saa kumi alasiri." Hapo akasita kidogo. Nilisikia karatasi. "Habari zimfikie binti yake, Ghalia, aliyemo ndani ya lori lake, Landani. Pia ziwafikie mwanawe Mahir, wa Landani..."

Yaliyofuata sikuyasikia. Landani, kama mama alivyokuwa akilitamka. Ndani ya lori lake. Alikariri maneno yale siku ile kwenye simu, akayaweka, na mimi nilidhani ameyapuuza akaenda kwenye paa la jirani. Katika dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyeona ninastahili kuambiwa mama yangu amekufa, naye ni mama yangu. Nililia, na katikati ya kilio nikacheka, kwa sababu nilimwona yule mtangazaji anaikodolea karatasi yake akijiuliza lori gani.

Kisha hasira ikarudi, safari hii imetulia, na hiyo ndiyo mbaya. Nikaipigia simu ofisi ya dobi nikawaambia nimefiwa. Nikakaa pale kilimani mpaka saa sita na nusu, kisha nikaliteremsha lori mpaka Rayners Lane, kwa Mahir.

Viatu vilikwisha kujaa mlangoni. Walikuwa wamekusanyana tangu asubuhi, wanajiandaa kwa igizo lao la jioni. Nililiegesha lori mbele ya nyumba, nusu juu ya njia ya miguu, mahali ambapo kati ya mapaa mawili upande wa kusini panaonekana kipande cha mbingu. Nikapanda juu nikaanza kukigeuza kibao. Soud akatoka mbio, na kandambili, Mahir nyuma yake.

"Mbona mapema, Ghalia?" Mahir akasema. "Teremka uje ndani, upumzike. Mama leo hajisikii vizuri kidogo."

Alilisema lile lile. Amelala, hajambo, hajisikii vizuri kidogo, yote kwenye mkoba wake, tayari. Nikamwambia awaite watu wote watoke nje. Akasema si vizuri, majirani. Nikamwambia awaite, au nitapiga honi mpaka watoke wao na majirani. Ananijua. Wakatoka, wanawake na mitandio yao, wanaume na kofia, wakasimama kwenye baridi wamelizunguka lori la shuka chafu. Jirani wa upande wa pili, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, anayejua Kiswahili kama sisi, alifungua dirisha ili alalamike. Akaona nyuso zetu, akaliacha dirisha wazi.

Nikafungua milango yote miwili ya mbele, nikaipandisha sauti mpaka mwisho. Saa saba ya huku. Kwetu ni saa kumi alasiri, na tangazo hurudiwa.

Walilisikia lote. Lilipofika kwenye lori langu, wanawake wakainamisha vichwa. Nikaizima stereo. Ilikuwa saa ile ile ya maziko. Wakati tumesimama barabarani, mama alikuwa anateremshwa, na kila mmoja pale alilijua hilo sasa kwa pamoja, na mimi nikiwamo.

"Nani aliyewaambia walisome vile?" nilimuuliza Mahir.

Alikuwa anatetemeka. Hakuwa amevaa koti. "Mama mwenyewe," akasema. "Alimwachia shangazi maneno. Alfajiri nilimwomba shangazi jina lako waliondoe."

"Akakujibuje?"

"Alinikatia simu." Akajifuta macho kwa tai. "Ndipo nikamwambia Soud aende kwenye lori."

Soud alikuwa anatazama lami kama alivyotazama zulia.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Stanmore, makali, ya kuwapasua. Nilimtazama kaka yangu na tai yake iliyolowa, mtu mzima aliyefiwa na mama yake asubuhi akaanza kwanza kutafuta nani wa kumficha, badala ya kukaa chini alie. Maneno sikuyatoa. Sikumsamehe, ila sikuyatoa. Nikawapita, nikavua viatu mlangoni, nikaingia.

Jikoni sufuria kubwa lilikuwa mezani, na vitunguu mfuko mzima, havijamenywa. Wifi yangu alikuja nyuma yangu akasimama mlangoni, hajui aanzie wapi. Akaniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, pilau atapika nani.

"Pika wewe," nikamwambia. "Na mume wako amenye vitunguu."

Nikaenda chumba cha wanawake. Mkeka ulikwisha kutandikwa, na pale mbele, ukutani, mahali anapokaa mfiwa, palikuwa patupu. Nikaketi. Wakaingia mmoja mmoja, wakanipa mkono, wakaniambia pole, na mimi nikaitika. Bi Faustine akaja mwisho kwa sababu ya magoti yake. Akakaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili akalia, kama siku ile jikoni. Safari hii nikalia naye.